Pumzi ya Lori la Turbo Mbili

Hakuna bomba la hewa linaloongeza nguvu ya injini. Bomba jembamba hunyima, bomba linalotosha hunyamaza, na zaidi ya hapo halina la kutoa. Kila fundi wa dizeli analijua hilo, ila ukikaa Kiabakari, pembeni mwa barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Bunda kwenda Makutano, Musoma na Sirari, utaona linavyokosa wa kuliamini. Dereva mmoja atakwambia bomba la inchi 4 linamfanya alale mlimani huku wenzake wakimpita. Mwingine ataapa kwamba tangu alipochomelewa la inchi 6 gari limepata miguu. Wa tatu atawacheka wote wawili na kusema bomba kubwa linachelewesha turbo. Kila mmoja ana ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni sikio lake.

Lori la dizeli lenye turbo mbili lifungwe bomba la hewa la ukubwa gani? Ni swali la gereji, lakini ndani yake mmelala tabia yetu moja ya siku nyingi: tukipungukiwa, tunakimbilia kuongeza kile kinachoonekana. Bomba linaonekana. Liking'aa chini ya kabini, mwenye mali anaona fedha yake ilikokwenda. Pumzi haionekani, na kazi yote ya bomba ni pumzi.

Tuanze basi na pumzi. Dizeli tunainunua kwa lita, na bei yake EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nchi nzima ikisikiliza. Hewa haina risiti, ndiyo maana hakuna anayeipigia hesabu. Lakini lita moja ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji hewa isiyopungua kilo 12. Na injini ya lori huvuta zaidi ya hapo, la sivyo moshi unakuwa mweusi na mafuta yanatoka nje hayajafanya kazi. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, kilo 12 za hewa ni karibu mita za ujazo 12. Kwa hiyo dereva anayejaza tangi Bunda anabeba upande mmoja tu wa mzigo wa safari. Upande wa pili anauokota njiani, sekunde baada ya sekunde, kupitia tundu moja.

Tuchukue injini moja inayojulikana: OM 502 LA ya Mercedes-Benz, iliyofungwa kwenye Actros za V8. Ina silinda 8, ujazo wa karibu lita 16, na turbo mbili, tofauti na nduguye wa silinda 6, OM 501 LA, mwenye turbo moja. Injini ya mapigo manne humeza nusu ya ujazo wake kila inapozunguka mara moja. Hapa ni lita 8. Ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, zinakuwa lita 14,400. Hizo ni kabla ya turbo kufanya kazi yake. Turbo hushindilia hewa, na lori likiwa na mzigo mlimani, hewa inayovutwa kutoka nje hufika kama mita za ujazo 30 kwa dakika. Hicho ni chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12 chenye dari la futi 9: dakika moja lori limemaliza hewa yote, toka sakafuni hadi darini, na limeshahamia chumba cha pili.

Sasa ipitishe hewa hiyo kwenye bomba moja la inchi 4. Itabidi ikimbie zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwenye bomba la inchi 5 itakimbia kama 140, na la inchi 6 karibu 100. Lori lenyewe, kwa sheria ya usalama barabarani ya Tanzania, likizidi tani 3.5 haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Ndani ya bomba lake, hewa haina trafiki wa kuisimamisha.

Kasi hiyo ina gharama. Hewa inayokimbia hujisugua kwenye kuta za bomba, na kadiri bomba linavyokuwa jembamba msuguano haupandi kidogo kidogo. Unapanda kwa kuruka. Ongeza kipenyo kutoka inchi 4 hadi 5, ukinzani wa bomba nyoofu unashuka hadi theluthi moja ya ulivyokuwa. Hapo ndipo dereva wa inchi 6 anapopata hoja yake, na mtu akiishia hapo atampa ushindi. Lakini lazima aulizwe: theluthi ya nini?

Mafundi hupima kubanwa kwa hewa kwa kimo cha maji, yaani mvuto wa injini unaweza kunyanyua maji milimita ngapi. Kwa injini nyingi za dizeli zenye turbo, kikomo kinachokubalika kichujio kikiwa kimechafuka ni inchi 25 za maji, sawa na milimita 635. Piga hesabu ya bomba nyoofu la mita 2 kwa injini yetu. La inchi 4 litakula kama milimita 70. La inchi 5 litakula kama 23. La inchi 6 litakula kama 9. Kutoka 4 kwenda 5 mtu ameokoa milimita karibu 50, si haba. Kutoka 5 kwenda 6 ameokoa 14, katika bajeti ya 635. Kwa milimita hizo 14 watu wanavunjiana heshima chini ya mwembe.

Zile nyingine zinakwenda wapi? Sehemu kubwa inaliwa na kichujio, ambacho mafundi wengi hukiita eakilina. Kinachofuata ni kona. Fundi akikata bomba la inchi 5 kwa pembe na kulichomelea liwe pembe mraba, kona hiyo moja hubana hewa sawa na bomba nyoofu la zaidi ya mita 7. Kona ya duara pana hubana sehemu ndogo tu ya hiyo. Mtu anaweza kwenda gereji na bomba la inchi 5 lenye kona mbili za duara, akarudi na la inchi 6 lenye kona tatu za kuchomelewa, akawa amelipa ili abanwe zaidi. Na kwa kuwa bomba jipya lina sauti nzito zaidi, atasafiri mpaka Sirari akiwa na furaha.

Mkoa wa Mara, ilipo Kiabakari, una jambo lake katika hesabu hii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na Kiabakari iko juu zaidi ya ziwa. Kanieneo ya hewa ziwani ni pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ukiipima kwa kimo chetu cha maji, hiyo ni zaidi ya milimita 1,300, mara mbili ya kile ambacho kichujio kichafu kabisa kinaruhusiwa kula. Lori linalopakia bandarini na kupanda hadi huku limenyang'anywa yote hayo na nchi yenyewe, hakuna fundi aliyeligusa, na bado linafika. Turbo ndiyo inayofidia: hewa ikiwa nyepesi, nayo huzunguka kwa kasi zaidi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliiandikia hataza mwaka 1905, akitaka moshi unaotupwa nje uzungushe feni ya kuingiza hewa; na mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, ikatoa injini ya lori yenye turbo. Deni letu kwa wazo hilo, sisi tunaoishi juu ya nyanda, ni kubwa kuliko la watu wa pwani.

Fidia hiyo hata hivyo ina mwisho. Turbo inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, ikiwa tayari imekimbizwa na mwinuko, haina akiba kubwa ya kukimbizwa tena na eakilina iliyojaa vumbi. Kwa hiyo watu wa huku wana sababu ya kujali pumzi ya gari kuliko wenzao wa Dar es Salaam. Kinachowapotosha ni mahali pa kuitafutia.

Hapa turbo mbili zinaleta swali lao, na ndilo la kwanza kujibiwa kabla mtu hajataja inchi yoyote: zimepangwaje? Kuna mpango wa sambamba, kama kwenye OM 502 LA, au kwenye Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1VD-FTV ya turbo mbili, iliyoanza kuonekana mwaka 2007, ile V8 ya dizeli ambayo barabarani tunaiita shangingi. Turbo zinalingana, kila moja inalisha na kulishwa na nusu ya injini, na kila moja inavuta nusu ya hewa. Bomba la kila turbo linabeba nusu. Ukirudi kwenye hesabu yetu, mabomba mawili ya inchi 4, kila moja na turbo yake, yanapitisha hewa kwa kama kilomita 110 kwa saa. Yametosha. Anayetaka kila turbo ipate bomba la inchi 6 anajenga nyumba ya ghorofa kwa ajili ya mpangaji mmoja.

Kuna na mpango wa kupokezana: turbo kubwa inavuta hewa yote kutoka nje, inaishindilia mara ya kwanza, kisha inaikabidhi kwa turbo ndogo iishindilie tena. Katika mpango huu bomba la kuingilia turbo kubwa linabeba mzigo wote peke yake, kwa hiyo hapo upana unalipa. Bomba la kati, kutoka turbo kubwa kwenda ndogo, linabeba hewa ileile kwa uzito, lakini imeshashindiliwa na imechukua nafasi ndogo. Linaweza kuwa jembamba bila dhambi. Mtu akiiga vipimo vya mpango mmoja na kuvifunga kwenye mpango wa pili, atakosea pande zote mbili: atapanua pasipohitaji na kubana panapohitaji.

Na yule wa tatu, mwenye kusema bomba kubwa linachelewesha turbo? Yeye anazungumzia upande wa pili, baada ya turbo, ambako hewa inasukumwa kupitia kipoza-hewa, yaani intakula, hadi kwenye injini. Anachosema ni kweli kwa kanuni: bomba kubwa lina nafasi kubwa ya kujaza. Tulipime. Bomba la inchi 3 lenye urefu wa mita 2 lina ujazo wa kama lita 9. La inchi 4, lita 16. Tofauti ni lita 7. Injini yetu inameza lita 8 kwa mzunguko mmoja. Kucheleweshwa kwenyewe, basi, ni suala la mizunguko michache ya injini, sehemu ndogo ya sekunde. Dereva anayesubiri nguvu kwa sekunde mbili nzima baada ya kukanyaga resi ana ugonjwa mwingine: turbo iliyochoka, hosipaipu iliyopasuka, au gia isiyo yake.

Basi wote watatu wana kipande cha ukweli, na hakuna hata mmoja mwenye kipimo. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kipimo chenyewe hakihitaji kompyuta wala safari ya Mwanza. Kinahitaji mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, wa aina ile seremala na fundi mwashi wanayotumia kusawazisha msingi, na maji ya kisima.

Chukulia mzee mwenye lori ameingia gereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Nataka unitolee haya mabomba ya inchi 5, unichomelee ya 6. Gari halivuti. Toka Bunda mpaka hapa linatapika moshi tu."

"Sawa, mzee. Ila kabla sijakata chuma, niruhusu nilipime pumzi."

"Unapima nini? Nimeshakwambia halivuti."

"Nakusikia, mzee. Nataka na lenyewe liseme."

Fundi anatoboa tundu dogo kwenye bomba, kati ya eakilina na turbo ya kushoto, anafunga kijibomba chenye nati. Tundu la pili analiweka upande wa turbo ya kulia. Kila tundu lina mpira wake, umekunjwa kama herufi U na kufungwa kwa nyaya kwenye ubao uliosimama ndani ya kabini, mikono ya U ikiwa mirefu zaidi ya mita moja, ili maji yasije yakanyonywa na injini. Anatia maji hadi katikati, na tone la wino yaonekane vizuri. Ncha moja inakwenda kwenye bomba, ya pili inabaki wazi. Injini ikiwa imezimwa, maji yamelingana. Injini ikiwashwa na kuachwa ikinguruma bure, maji yanasogea kidogo tu, na mzee anacheka: "Umeona? Hakuna kitu." Fundi hamjibu. Injini isiyo na kazi haivuti pumzi ya kazi.

Wanatoka na mzigo wao kwenda kutafuta mlima. Utingo anashika ubao, fundi anatazama. Mguu wa dereva unazama, turbo zinaanza kulia, na maji yanaanza kutembea: yanapanda upande wa injini, yanashuka upande ulio wazi. Kushoto tofauti ya vimo inafika milimita 720. Kulia, 520. Namba hizo mbili zina maneno mengi. Ya kwanza imepita kikomo, kwa hiyo mzee hakusema uongo, gari limebanwa. Lakini pande zote zinakunywa kutoka eakilina moja na zina mabomba ya inchi 5 yanayolingana. Kama bomba lingekuwa tatizo, pande zingelalamika sawa. Milimita 200 za ziada upande wa kushoto zina mwenyewe.

Eakilina inafunguliwa, inatoka imevaa vumbi jekundu kiasi cha kupoteza mikunjo yake. Inafungwa mpya, kushoto inasoma 550, kulia 350. Kisha fundi anaingiza mkono chini ya turbo ya kushoto na kukuta hosipaipu imelegea kwa uzee na oili. Kwa nje inaonekana nzima. Injini ikivuta kwa nguvu, inasinyaa kwa ndani na kuziba nusu ya njia; injini ikipunguza, inarudi kuwa duara. Hakuna macho yangeiona gari likiwa limesimama. Inafungwa nyingine yenye waya ndani yake, na pande zote mbili zinasoma 350. Mabomba ya inchi 5 hayajaguswa, na mlima umepandwa.

Mfano huu ni wa kuwazia, lakini kila kipande chake kipo gereji: vichujio vilivyochakaa, mipira inayosinyaa, na bomba lisilo na hatia likisubiri kukatwa. Ningeweza kuuandika kinyume, na ingekuwa haki. Lipo lori ambalo mtu ameliongezea turbo na mafuta, akaliachia bomba la zamani la inchi 4, na maji yakapita kikomo hata eakilina ikiwa mpya na kona zikiwa safi. Hilo lipewe bomba pana, bila ubishi. Kipimo hakimpendelei mwenye kubana matumizi wala mwenye kutaka makubwa.

Kuna jambo moja ambalo hata mpira wa maji hauwezi kuliona, nalo ni mlango wa nyuma. Kabla ya turbo, bomba linavuta. Ufa wowote hapo hauvuji nje, unanyonya ndani. Na kinachonyonywa kwenye barabara za changarawe za Mara hakijapita kwenye kichujio chochote. Vumbi letu limezaliwa na miamba ya itale, yale mawe makubwa yaliyokaliana juu ya vilima kuanzia Butiama hadi Musoma, na ndani yake mna chembe za kwatzi, ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita kwenye ufa usiotosha hata ukucha, zinaanza kwa kula ncha za feni ya turbo, zinamalizia kwenye ringi za pistoni. Mwenye gari hatasikia kitu. Kwenye mpira wa maji, ufa huo utaonekana kama nafuu, kwa sababu injini imepata njia ya mkato ya kupumulia. Ndiyo maana kila kiungo kipya ni hatari mpya. Bomba la asili lenye viungo viwili vilivyokaza ni salama kuliko la kifahari lenye viungo vitano na klipu za kubahatisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye lori utajenga injini.

Na kuna takataka za kuchomelea. Bomba linapounganishwa kwa umeme, ndani yake hubaki vipande vidogo vya chuma vilivyoganda. Siku ya kwanza vinakaa kimya. Mtikisiko wa barabara ukiviachia, kinachofuata mbele yao ni feni inayozunguka kwa kasi isiyosamehe hata kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. Fundi makini husugua ndani ya bomba, hulipiga kwa nyundo, huliosha na kulikausha kabla ya kulifunga. Anayetaka kujua ubora wa gereji aangalie hapo, asiangalie rangi.

Sasa nirudi kwenye kile kinachotusukuma. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori lenye ekseli 7. Mwendo wa juu ni kilomita 80. Mzigo umeshapangiwa, kasi imeshapangiwa, mlima ni uleule. Injini ya lita 16 iliyotoka kiwandani ilipigiwa hesabu ya kazi hiyo, na bomba lake likapimwa pamoja nayo. Mtu anayepanua bomba la lori zima, lisiloumwa, anatafuta nguvu ya kwenda wapi? Dereva mzuri akiteremsha mizunguko kutoka 1,800 hadi 1,400 kwa kuchagua gia mapema, ukinzani wa njia nzima ya hewa unapungua kwa karibu asilimia 40. Mguu wake umefanya kazi ambayo bomba la inchi 6 lisingeifanya, na haukuchomelewa na mtu.

Butiama haiko mbali na Kiabakari. Huko alizaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, na huko alizikwa mwaka 1999. Chini ya uongozi wake nchi ilijaribu kujiundia lori lake, katika mradi wa jeshi uliopewa jina la Nyumbu, Kibaha, ambako pia kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania. Mengi yamesemwa juu ya yale ambayo viwanda vya enzi ile havikufikia. Mimi hunivutia swali ambalo mtu anayebuni lori kwa nchi maskini analazimika kuanza nalo: kwa barabara hizi, mzigo huu na mafundi hawa, kiasi gani kinatosha? Anayenunua gari lililoundwa na wengine ameletewa jibu bila kusikia swali, na ndipo anapodhani jibu linaweza kuongezwa tu kwa inchi.

Kutosha si unyonge. Bomba linalotosha ni kazi ngumu kuliko bomba kubwa, kwa sababu kubwa linahitaji fedha tu, na linalotosha linahitaji kujua: injini inameza kiasi gani, turbo zimepangwaje, kona ziko ngapi, kichujio kina hali gani, mlima unadai nini. Ukishayajua hayo, inchi zinajitaja zenyewe.

Kwa hiyo, wewe mwenye lori la turbo mbili unayepita Kiabakari na moyo wa kubadilisha mabomba, nakusihi ufuate utaratibu. Kwanza uliza turbo zako ni za sambamba au za kupokezana. Badilisha eakilina kabla ya kukata chuma. Minya kila hosipaipu kwa mkono, kaza kila klipu. Kisha mwambie fundi afunge mpira wa maji, mpande mlima mkiwa na mzigo. Maji yakisoma chini ya milimita 635, ikabaki nafasi ya eakilina kuchafuka, na pande zote zikilingana, bomba lako linatosha; fedha uliyotaka kuchomelea kanunulie matairi. Yakizidi na kila kitu kingine ni kizima, panua, kwa kona za duara, na osha ndani kabla ya kufunga. Fundi akikataa kupima, peleka lori kwa mwingine.